Gazeti la Msimu wa Wanunuzi

Mkutubi wa Bariadi hamuulizi mtu tarehe ya gazeti. Humuuliza mvua za mwaka ule zilikuwaje na pamba alimuuzia nani, kisha hutafuta kwenye katalogi ya mtandaoni kwa vidole viwili, huku akimkata jicho yeyote anayenong'ona. Asubuhi hii mzee kutoka Lagangabilili anataka gazeti lenye picha ya marehemu mkewe.

"Ni msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja."

Mkutubi anachapa "pamba" na "1994", anamsogezea kiti. "Bonyeza hapa mwenyewe, baba."

Mzee anabonyeza. Gazeti linaonekana kwenye orodha, na mkutubi analitoa rafuni.

"Felisita, mkulima bora wa wilaya!" mzee anasoma kwa sauti.

Maktaba nzima inamtazama mkutubi.

"Rudia, baba," anasema. "Wa nyuma hawakusikia."