Nani Atamfungulia Bibi Mdogo Kiganja?

Saa moja asubuhi matroni anawasha na kuzima taa za bweni mara tatu. Ndiyo kengele ya hapa, maana watoto wa kituo hiki hawasikii. Vitanda vinatikisika, ndala zinatafutwa, foleni ya kunawa uso inaanza na vita vyake vya kila siku.

Yuko mmoja ambaye hata taa hazimhusu. Msichana wa miaka tisa amekaa kwenye ngazi ya mwisho ya bweni, mgongo umenyooka kama mama mkwe aliyekuja kukagua nyumba. Hasikii, na wala haoni. Ngumi ya mkono wake wa kulia ameikumbatia kifuani, na kwa kukaa kwake huko kwa kizee, kituo kizima kinamwita Bibi Mdogo.

Lango linalia. Binti mwembamba mwenye sketi ya kijivu na raba zilizochoka anavuka uwanja, anachuchumaa mbele ya mtoto, anamwekea mkono wake wa kushoto magotini. Bibi Mdogo anaipapasa bangili ya mti iliyo mkononi mwa mgeni wake. Haridhiki nayo. Anapanda na mkono mpaka begani, anapapasa masikio, anavuta shingo karibu na kunusa nywele. Ndipo anatoa ngumi.

Binti anavifungua vidole kimoja kimoja, akianza na kile kidogo. Ndani hamna kitu, lakini mtoto anacheka mpaka mabega yanaruka.

"Jana jioni nilikifunga mimi hiki kiganja," anasema binti, bila kuinuka. "Amelala nacho hivyo hivyo. Muulize matroni."

Jumamosi hii binti huyo anaondoka, na harudi tena. Watu wazima wote hapa wanajua. Bibi Mdogo peke yake ndiye hajui, na hakuna aliyefahamu namna ya kumwambia.

Hapa kituoni binti huyo wanamwita Injinia, ingawa shahada yake ni ya ukadiriaji majenzi na ameshachoka kueleza tofauti. "Niliwaambia mimi nahesabu matofali, sijengi. Mpishi akaniuliza, sasa unayahesabu ili iweje?"

Alimaliza chuo akiwa na alama nzuri na hamu ya kazi. Alisambaza maombi mpaka kilichobaki ni kubandika kwenye nguzo za umeme. Ndipo, baada ya ibada moja ya Jumapili, akasikia tangazo la Nyumba ya Mwaka: vijana waliomaliza masomo wanakaa pamoja chini ya paa moja, wanasali pamoja asubuhi na jioni, wanakula chungu kimoja, na mchana kila mmoja anakwenda kutumikia mahali penye shida. Mshahara hakuna. Kuna posho ya sabuni, nauli na vocha, na ukiipenda sana vocha, sabuni utaazima.

Waliingia wanne. Mmoja alipelekwa hospitali, mmoja gerezani kufundisha kusoma, mmoja aliondoka mwezi wa pili baada ya kuitwa kazini, na wala hakuna aliyemlaumu. Injinia alipelekwa kwa viziwi. Siku ya kwanza Mwalimu Mkuu alimwonyesha Bibi Mdogo na kumpa maagizo mafupi: kaa naye, asijiumize.

Maana alikuwa akijiumiza. Alipiga kichwa ukutani mpaka rangi ikabanduka. Hadi leo pale karibu na dirisha pana duara la saruji tupu, usawa wa kichwa cha mtoto. Aliletwa na shangazi yake, aliyesema atamfuata mwisho wa muhula. Ni muhula wa tano sasa, na simu ya shangazi haipatikani. Likizo zikifika wenzake wanafungasha, yeye anabaki na matroni na paka.

Hapa ndipo palipotokea kosa, na Injinia halifichi. Analisimulia kwa sauti ya mtu anayejisomea hukumu.

Wiki yake ya pili, kituo kilimwalika mwalimu mtaalamu wa watoto wasiosikia wala kuona, aje kuwafundisha wafanyakazi alama zinazotolewa mkono ndani ya mkono. Ni alama zinazofahamika hata katika vituo vingine. Mafunzo yalikuwa siku moja, Jumamosi. Na Jumamosi hiyohiyo Nyumba ya Mwaka ilikuwa na mafungo: siku nzima ya ukimya na sala, na kanuni inasema hakuna anayekosa. Angeweza kuomba ruhusa. Hakuomba.

"Nilijiona mtakatifu," anasema. "Nilipiga magoti siku nzima, namwomba Mungu anifundishe kuongea na yule mtoto. Na saa ileile, kituoni, kuna mtu amesimama mbele ya ubao anafundisha. Yaani jibu lilishafika. Mimi ndiye sikuwepo."

Aliporudi Jumatatu hakumwuliza mtu. Akaanza kubuni. Kugonga kiwiko mara mbili, maji. Kusugua kidole gumba, mkate. Kukwaruza mgongo wa mkono, kuoga, alama ambayo Bibi Mdogo huijibu kwa kukwaruza kwa nguvu zaidi, maana yake kaoge wewe. Wiki zilipita mkono wa mtoto ukiwa mzito kama kuni. Siku moja bombani, mtoto mwenyewe akamtafuta kiwiko, akakigonga mara mbili.

"Nililia kama mjinga. Mpishi alidhani nimefiwa."

Kiganja kilikuja baadaye. Jioni zilikuwa balaa. Injinia akitaka kuondoka, mtoto anamng'ang'ania sketi, matroni anambandua huku wote watatu wakilia. Ndipo akakunja vidole vya mtoto kwa upole, kimoja kimoja, vikawa ngumi, akaibana ngumi hiyo kifuani pa mwenyewe. Shika hiki. Nitakuja kukifungua. Asubuhi akaja, akakifungua. Tangu siku hiyo kichwa hakijagusa ukuta.

Kituo kilifurahi. Wageni waliletwa waone. Sista, mtawa mstaafu anayeilea Nyumba ya Mwaka, aliwasimulia watu kanisani mpaka Injinia akaona haya.

Kisha, mwezi wa tisa, yule mwalimu mtaalamu akarudi kukagua. Akakaa mbele ya Bibi Mdogo, akamwekea mkononi alama ya maji, ile inayojulikana kila mahali. Mtoto akaurudisha mkono wake kifuani. Akampa ya mkate. Mtoto akageukia ukuta.

"Nani amemfundisha huyu?" aliuliza mwalimu.

"Watu wote wakanitazama," anasema Injinia. "Wengine walikuwa wanatabasamu, walidhani napongezwa."

Mwalimu hakumfokea. Alimvuta pembeni, akamwambia maneno ambayo Injinia anayarudia neno kwa neno: "Umemjengea nyumba nzuri, mdogo wangu. Lakini mlango ni mmoja tu, na mlango wenyewe ni wewe."

Nia njema haijengi daraja, na waliokuwa wakipiga makofi mwezi uliopita wakaanza kutazamana. Miezi iliyobaki ikawa ya kuhangaika. Walijaribu kumhamishia mtoto alama za wote. Akazikataa kama dawa chungu. Wakageuza kibao, matroni akajifunza alama za Injinia. Anazijua zote. Ni mwanamke mkubwa mwenye mikono mipana, mvumilivu kupita kiasi, aliyemwosha na kumlisha mtoto huyu kwa miaka.

"Nikimgonga kiwiko ananipokea kama mwizi," anasema matroni. "Kuoga namwogesha, sawa. Kuzungumza na mimi hataki. Si kwamba hanielewi. Hanitaki."

Kisha likaja wazo la bangili. Lilikuwa la nani? Siku hizi kila mmoja analisukumia kwa mwenzake. Kwa kuwa mtoto humtambua Injinia kwa bangili, matroni aivae yeye, taratibu mtoto azoee. Asubuhi ile Injinia alisimama nyuma ya nguzo ya jikoni. Matroni akachuchumaa kwenye ngazi na bangili mkononi.

Bibi Mdogo aliipapasa, akacheka, akatoa ngumi. Matroni akaanza kufungua kidole kidogo. Hapo mkono mwingine wa mtoto ukapanda juu, ukakutana na mkono mnene usiokuwa wenyewe. Alichotoa, anasema mpishi, hakikuwa kilio. Ilikuwa sauti ambayo mpishi, mama wa watoto sita, hajawahi kuisikia kwa mtoto. Akaanguka nyuma, akajikunja, ngumi ikabaki imefungwa. Siku mbili hakumfungulia mtu yeyote, hata Injinia mwenyewe. Alikula kwa mkono wa kushoto.

Ndiyo maana asubuhi hizi bangili haitoshi. Anapapasa masikio, ananusa nywele, kama askari aliyewahi kuuziwa kitambulisho bandia.

"Kitu kimoja alichokuwa anakiamini, tukakichukua tukamdanganyia," anasema Injinia. "Hata yule shangazi hakufanya hivyo."

Kwa nini basi asibaki? Swali hilo ameulizwa na kila mtu, na mwenyewe anajiuliza akifua, akipika zamu yake, akipanda kitandani.

Baba yake ni fundi rangi. Miezi miwili iliyopita alianguka kutoka kwenye jukwaa la mbao, nyonga ikavunjika. Mama alishatangulia mbele ya haki. Nyumbani kuna wadogo wawili wa shule, na baba anageuzwa kitandani na jirani. Mjomba amehangaika mpaka amempatia Injinia nafasi kwa mkandarasi. Anaanza Jumatatu, na asipofika, foleni ya kuichukua ni ndefu. Ni safari ya siku nzima kutoka hapa.

"Baba si mtu wa kulalamika," anasema. "Alinipigia akasema, mwanangu, Mungu umemtumikia mwaka mzima na sikukuzuia. Na mimi je?" Anaizungusha bangili mkononi. "Sasa hapo unajibu nini?"

Kituo hakiwezi kumwajiri. Mwalimu Mkuu anasema hivyo akitazama meza yake: nafasi haipo, na hata ingekuwepo ingekuwa ya mwenye cheti cha kazi hiyo. "Sisemi kwa ubaya. Nampenda kama mwanangu. Ila angalia tulipofikishwa na mapenzi."

Kijana mwingine wa kumpokea naye hayupo. Kwa mwaka ujao Nyumba ya Mwaka imepata mwombaji mmoja, na Sista anasema nyumba ya mtu mmoja si nyumba, pengine wataifunga. Anakaa sebuleni penye viti vingi kuliko watu, vidole vikichezea ufunguo.

"Kila mwaka nawaambia vijana, msijifanye wa lazima," anasema. "Halafu kila mwaka nachagua wale wale wasioweza kunisikia. Kosa ni langu kabla ya kuwa lake."

Labda. Lakini kosa likishagawanywa kwa watu wazima watatu wanne, kila mmoja anapata kipande anachoweza kulala nacho. Bibi Mdogo hana wa kugawana naye. Mwaka ni mrefu kwa anayeutoa. Kwa anayepewa unakatika katikati ya neno.

Sala za asubuhi Injinia bado anahudhuria, kwa sababu ni kanuni. Anakaa tu. "Nikifumba macho nauona ule ubao wa Jumamosi ile ambayo sikwenda. Siwezi kumwomba Mungu kitu tena. Naogopa atanijibu na mimi nisiwepo."

Na Jumamosi hii itakuwaje? Swali linamfanya akazane kukunja taulo ambayo tayari imekunjwa.

"Nisipomfunga kiganja, atajua kuna jambo, hatalala, atarudi ukutani. Nikimfunga, atakaa kwenye ngazi Jumapili ananisubiri. Na Jumatatu. Ya kumwambia sirudi sikuibuni. Nilibuni za maji na mkate na kuoga. Hiyo sikuifikiria hata siku moja."

Mpango wake ni huu: akipokea mishahara michache, baba akisimama kwa magongo, aombe likizo ya kwanza na kupanda basi kuja huku. "Likizo ya kwanza kabisa," anasema, na kwa mara ya kwanza siku nzima sauti yake inapanda. "Nitakuja."

Matroni anahesabu mashuka kabatini. Hageuki. "Shangazi yake naye alisema mwisho wa muhula."

Injinia anaikunjua taulo, anaanza kuikunja upya.

Jioni jua linapoegemea ukuta wa jikoni, Injinia anachuchumaa tena kwenye ngazi. Anakishika kiganja cha mtoto, anakunja kidole gumba, anakunja kinachofuata, mpaka ngumi inakamilika, anaibana kifuani pa mwenyewe. Anataka kuinuka.

Bibi Mdogo anamvuta sketi. Anaupapasa mkono wa kulia wa Injinia, anaugeuza kiganja kiangalie juu, na kwa mkono wake ulio huru anaanza kukunja vidole. Anavikunja kimoja kimoja kwa makini, ulimi umetoka nje kidogo kama mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu. Kisha anaisukuma ngumi hiyo kifuani pa Injinia na kuipigapiga mara mbili, kama anayemtuliza.

"Hajawahi," ananong'ona Injinia. "Hajawahi kunifanyia hivi."

Matroni anamchukua mtoto ndani. Injinia anavuka uwanja taratibu, ngumi ameikumbatia kifuani. Anafika langoni, anasimama, anatazama komeo. Analifungua kwa mkono wa kushoto.