Verlene Haskett na Aya ya Nne

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua la Mesa halijaanza kukaanga lami, Verlene Haskett alikuwa akitoka na reki kuchana kokoto za mbele ya nyumba yake. Huku kwetu Arizona viwanja vingi havina majani, vina kokoto, na kokoto zisipochanwa zinaonyesha nyayo za mbwa, alama za baiskeli na uvivu wa mwenyewe. Alianzia ukutani akaishia barabarani, akirudi kinyumenyume ili asikanyage kazi yake. Kisha alioga, akaenda kuendesha basi la shule.

Mwaka 2011 aliendelea kuzichana vilevile, ingawa uwanjani palisimama kibao cha dalali na kwenye kitasa cha mlango paling'inia kisanduku cha ufunguo, ili wateja waingie kuangalia wakati yeye yuko kazini. Nyumba ile aliinunua bei zikiwa juu mawinguni. Miaka mitano baadaye haikufikia hata nusu ya mkopo wake, na shule ilikuwa imempunguzia saa za kazi. Akashika njia iliyoshikwa na nusu ya mtaa wetu: kuuza kwa bei isiyofikia deni, benki ikubali kupokea pungufu na kuiachia nyumba.

Sasa, mtaa mzima tuliamini kwamba kwa kuwa benki ndiyo inayoidhinisha bei, basi kibao kikishasimikwa nyumba imeshakuwa ya benki. Familia ya nyumba ya kona iliamini hivyo kiasi cha kutuma funguo benki kwa posta, ndani ya bahasha, pamoja na kadi ya kuaga. Hakuna aliyewaomba. Nyumba ilikaa tupu miezi minane na ankara za maji zikaendelea kuja kwa jina lao.

Jirani yake Verlene, mzee Gus Tolbert, fundi mstaafu wa viyoyozi, alikuwa akimchokoza kila asubuhi kutoka juu ya ukuta.

"Wee Verlene! Unachana kokoto za benki? Wanakulipa kwa saa au kwa kokoto?"

"Nyamaza, Gus. Zako zimeota magugu mpaka paka wako anapotelea humo."

"Zangu magugu, lakini zangu!"

Verlene alicheka, lakini neno lilimwingia. Mbalungi wa nyuma ya nyumba ulikuwa umezaa kupita kiasi mwaka ule, matunda yanadondoka, naye hathubutu kuyagusa. Mwishowe alipiga simu benki kuomba ruhusa. Alisikilizishwa muziki dakika arobaini, ndipo msichana akapokea.

"Mama, sijakuelewa. Unataka kuchuma nini?"

"Mabalungi."

"Kwenye mti wa nani?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe."

Akasikia msichana anabofyabofya kompyuta, eti anatafuta mti.

"Mama," akasema mwishowe, "hapa sioni balungi lolote. Chuma tu, mama. Chuma."

Verlene alipeleka ndoo mbili kwa Gus na moja maktaba, ninakofanya kazi. Ndipo nilipoanza kumfahamu vizuri, maana alikuwa akija pale kati ya safari ya asubuhi na ya mchana kuchapisha karatasi zake. Mnunuzi alipopatikana na benki ikajibu ombi lake la kuuza, barua ilikuja kwa barua pepe, kurasa kumi na moja, na nakala ikaenda kwa dalali wake, kijana mmoja anaitwa Trent Gubler. Trent alimwambia afungue ukurasa wa mwisho tu, atie sahihi.

Lakini Verlene alikuwa dereva wa basi la shule kwa miaka kumi na tisa. Kila alfajiri dereva wa basi la shule hulizunguka basi na orodha mkononi: taa, matairi, breki, mlango wa dharura. Kipengele kimoja kikikosa alama, basi haliwashwi, hata watoto mia wawe wanasubiri. Basi akaomba kalamu, akaketi karibu na dirisha, akaanza kuizunguka barua. Aya ya kwanza, alama. Ya pili, alama. Ya tatu, alama. Kwenye ya nne kalamu ikasimama.

Aya ya nne ilisema benki inakubali bei na itaiachia nyumba, ila inabaki na haki ya kumdai mkopaji kiasi kitakachosalia.

Yaani angetoka ndani ya nyumba, na deni lingetoka naye.

Akaenda ukurasa wa mwisho. Chini ya mstari wa sahihi paliandikwa: *mwenye nyumba*, na jina lake kamili. Alilitazama kwa muda. Kisha akaenda nje kwenye kivuli, akampigia mshauri wa bure wa mambo ya nyumba. Aliporudi alikuwa ameandika jibu nyuma ya bahasha, kwa herufi kubwa: *Ni yako mpaka utie sahihi. Unaweza kukataa. Unaweza kudai wafute salio kwa maandishi. Wao pia wanaweza kukataa.*

Trent alikuja maktaba kumfuata, jasho shingoni.

"Bi Verlene, mnunuzi anajitoa Ijumaa. Leo Jumanne!"

"Najua siku, mwanangu. Aya ya nne itoke."

"Hiyo wanaiweka kwa kila mtu. Kila mtu anasaini."

"Huyo kila mtu aliisoma?"

Trent akajikuna. "Mnunuzi akiondoka, benki inakupeleka mnada. Jina lako litachafuka, na ile fleti ya kupanga uliyoahidiwa ukihama hapa hupati. Unanielewa?"

"Nakuelewa vizuri sana. Nikuulize: leo hii, nisiposaini, kuna mtu anaweza kuiuza kwa huyu mnunuzi?"

"Leo? Hapana."

"Benki?"

"Hapana. Ni wewe tu."

"Basi waandikie."

Trent aliandika, na tumtendee haki, aliandika vizuri. Jumatano, kimya. Alhamisi asubuhi Gus hakuchokoza. Alikuja na kahawa vikombe viwili, akabaki upande wa barabara ili asivuruge kokoto.

"Jirani, usiwe mbishi. Saini upate kupumua."

"Nitapumua vipi na deni la nyumba ambayo sikai?"

Mzee akanywa vikombe vyote viwili.

Ijumaa saa nne na nusu Verlene akaingia maktaba akiwa na sare ya basi, hakusalimu mtu. Barua mpya ilikuwa imefika. Niliichapisha, kurasa kumi na moja, zikiwa bado za moto. Trent alikuwa amesimama nyuma yake, amekumbatia mkoba.

"Wamekubali, Bi Verlene, mimi nimeshaisoma!"

"Hongera. Kaa chini."

Akaanza upya kutoka aya ya kwanza, alama baada ya alama, Trent akitazama saa ya ukutani. Aya ya nne sasa ilisema salio limefutwa na mkopaji hatadaiwa chochote. Hakurukia mwisho. Alimaliza zote kumi na moja, ndipo akatia sahihi, polepole, kwa mwandiko mzuri wa shule. Trent alitoka mbio hadi akasahau mkoba.

Verlene alibaki akifunika kalamu. Wiki nzima nilikuwa na swali moja, na sikuwa na uhakika kama ni la kuulizwa. Nikamuuliza kwa sauti ya chini: kama wangekataa, na Ijumaa ikapita, angefanya nini?

"Ningepigwa mnada, na ningelia wiki mbili," akasema. "Lakini nisingesaini."