Siku Nilipowahi Paredi na Miguu Mitamu

Aibu hii niliificha msimu mzima wa kahawa, ila kwa kuwa Kaisho nzima inaijua, afadhali muisikie kwangu mimi niliyeumwa.

Walisema sitaweza. Nilirudi kutoka Mwanza na stashahada yangu ya ugavi, nikajijengea nyumba ya bati bila kuuza hata mgomba mmoja wa baba, kisha nikajiandikisha mgambo, na shangazi yangu wa Kituntu akacheka mpaka akashika mbavu: "Wewe uliyezoea kiti cha kuzunguka? Wiki mbili utarudi unalia!" Sikulia. Nilimaliza mafunzo yote, kwenye shabaha nikawa wa pili (wa kwanza alibahatisha), na siku ya kiapo niliahidi kama wenzangu kwamba filimbi ikilia, ndani ya nusu saa niko kiwanjani nimevaa kamili.

Sasa ikasikika kwamba wilayani wanamtaka mgambo mmoja wa kuajiriwa moja kwa moja, awasaidie wakufunzi, mshahara kila mwezi, na kwamba afande atakuja kututazama bila kututajia siku. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote. Nikatangaza kila kilabu cha pombe kwamba siku hiyo nitafika wa kwanza, waandike.

Siku yenyewe ilinikuta kwa baba mdogo, ndani ya lile gogo lililochongwa kama mtumbwi, suruali nimeikunja hadi magotini, nakanyaga ndizi mbivu na nyasi tupate maji matamu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwa harusi ya binti yake. Filimbi ikalia.

"Nawa kwanza, mwanangu," baba mdogo akasema, ameshanyanyua ndoo.

"Baba, jeshi halingoji maji!"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Sare nilitembea nayo kwenye begi kila niendako (utayari huo!), nikavaa, nikatumbukiza miguu kwenye buti vilevile inavyonata, nikakimbia. Dakika kumi na mbili, wa kwanza! Afande, sajini mfupi mwenye sauti ya radi, akanipanga mbele kabisa. Kemilembe, mama wa watoto watatu anayelima maharage, aliingia dakika ya ishirini na tano, buti zinang'aa, akasimama ubavuni kwangu. Nikamhurumia.

"Mguu sawa!"

Jua lilikuwa kali. Nyuki wa kwanza akazunguka buti langu kama mnunuzi anayekagua gunia la kahawa, akaenda kuita ukoo. Nikajikaza. Kisha mmoja akaingia ndani ya suruali, akapanda, akapanda (niruhusuni nisitaje alikofika), na mimi, mtu wa stashahada, nikapiga yowe, nikavunja mstari, nikavua buti moja na kukimbia na kundi zima la nyuki nyuma yangu, na kwa akili ya ajabu nikaelekea walikoketi wageni waliokuja na afande. Meza ikapinduka, diwani akaingia chini yake, padre akakusanya kanzu akanipita kwa mbio, na kikosi kizima kikatawanyika kwenye migomba.

Kizima, isipokuwa Kemilembe. Alibaki mguu sawa peke yake katikati ya kiwanja. Nyuki walimuuma shavuni, nikaliona shavu likivimba na jicho likifunga, naye hakutikisika mpaka afande, ambaye naye alikuwa mbioni, alipokumbuka kupaza sauti: "Mguu pande!"

Nyuki walipotulia, afande akaniita mbele ya watu.

"Ulifika dakika ya ngapi?"

"Ya kumi na mbili, afande!"

"Zilibaki ngapi?"

"Kumi na nane, afande."

"Kunawa miguu ni dakika ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Mtu akajibu toka migombani, "Mbili, afande! Huyo tatu, ana stashahada!"

Nafasi akapewa Kemilembe. Wivu niliuona, lakini uliisha nilipomuuliza aliwezaje.

"Ndugu yangu, filimbi ilinikuta na udongo hadi magotini. Nikaoga, nikamnyonyesha mtoto, nikamwacha kwa jirani, nikaja. Nusu saa walitupa ya nini?"

"Na nyuki, je?"

"Afande hakuwa amesema mguu pande."

Nimeapa sitagombea tena kuwa wa kwanza kwa kitu kisichohitaji wa kwanza. Juzi filimbi ililia, nikafika wa sita. Kemilembe, sasa tunamwita afande, alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni, akasema, "Sawa. Ingia mstarini." Sijawahi kusifiwa vizuri zaidi ya hapo.