Uvimbe Wenye Nywele

Daktari aliponiambia kwamba tumboni mwangu kuna uvimbe wenye nywele, nilicheka mpaka akaacha kuandika. Nikamuuliza nywele za nani.

"Za kwako mwenyewe, mwanangu. Wakati mwingine unakuta na jino."

Kicheko kikakatika. Nilikuwa nimetoka Shelui na basi la asubuhi kwa maumivu ya hedhi tu, sikuwa nimefuata meno.

Yule mama daktari alinieleza taratibu. Si mtoto, si pacha niliyemmeza, wala si mkono wa mtu. Ni chembe za kwenye kifuko cha mayai zimepotea njia, zikaanza kutengeneza ngozi, mafuta na nywele. Si saratani. Uvimbe ulikuwa kwenye kifuko cha kulia, sentimita tano, na kushoto kulikuwa na kengine kadogo. Kwa kuwa sikuwa nimezaa, hakutaka kukimbilia kisu. Nirudi kila baada ya miezi sita aupime kwa ile mashine ya picha, na nikipata maumivu ya ghafla nisisubiri tarehe.

Sasa, mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la barabarani, pale malori yanaposimama. Mitumba ilikuwa imeingia kwa marobota, hakuna tena aliyeshona nguo mpya, kazi yangu ikawa kupunguza viuno vya suruali za kafa-ulaya kutwa nzima. Kiuno cha dereva nilikijua akiwa bado ameshika usukani. Nikajiambia, niende mbali kote huko kupimwa sentimita, na tepu ninayo shingoni?

Kila Jumapili nikitoka kanisani nilijipima chini ya kitovu, kwa upande wa sentimita ambao sisi mafundi hatuutumii, nikaandika kwa chaki ndani ya mlango wa kabati. Sabini na nne. Miezi sita ikaisha, sabini na nne. Sikwenda. Mume wangu, fundi pancha wa jirani na baraza langu, alikuwa akipita ananitania, "Fundi, kiuno kinasemaje leo?" Nikimtajia, anasema hata matairi yake hayatunzi upepo hivyo. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine. Mlango ule ulijaa sabini na nne kuliko daftari la mtoro aliyepewa adhabu.

Mchana mmoja niliinama kuokota pini, tumbo likakamatwa kama nguo mbichi inayokamuliwa na watu wawili wenye ugomvi. Nilitapika juu ya suruali ya mteja. Mwenye suruali, dereva wa lori, alimwita mume wangu. Wakanibeba wawili, wakanilaza nyuma ya viti, dereva akaliondoa lori. Katikati ya safari nilimwambia mume wangu anipime. Akafikiri nimeanza kuweweseka. Nikamshika shati mpaka akaichukua tepu.

"Sabini na nne," akasema.

Nilipozinduka baada ya upasuaji, daktari aliniambia uvimbe ulifika sentimita saba, ukajinyonga kwenye kikonyo chake, na kifuko cha kulia kilishakuwa cheusi. Wamekitoa. Akanionyesha beseni. Kulikuwa na mafuta kama samli iliyoganda, fundo la nywele ndefu kuliko za kichwani kwangu, na jino. Jino lenyewe jeupe kuliko yangu yote. Naapa, mdomo wangu ulikaa wazi mpaka nesi akauliza kama nina kiu.

Nilipomsimulia habari ya tepu, daktari aliketi kitandani kwangu.

"Mwanangu, kiuno hakijui chochote. Kitu kama chungwa kinakaa humo na sketi isijue."

Nikauliza kuhusu cha kushoto. Akasema kipo, na kale kadogo kamo, sentimita mbili. Ndicho kifuko pekee nilichobaki nacho cha kuzalia. Hatakigusa kwa kisu, ila ni lazima akiangalie.

Miezi sita haikuisha nikawa kitandani kwake, ute wa baridi wa ile mashine ya picha tumboni, mume wangu amesimama mlangoni na kofia mkononi. Daktari alikitembeza kifaa chake.

"Mbili," akasema. "Kama ilivyokuwa."

Hata sabini na nne ilikuwa kama ilivyokuwa. Nikamwomba apime tena. Akapima tena.