Vidonge Vinne vya Yona

Hedwiga alikuwa nesi wa zahanati moja ya mlimani, juu ya Suji, kwa miaka kumi na minne, na kwa ulimi aliokuwa nao hakuna aliyethubutu kumfundisha kazi. Enzi zile sabuni ikipatikana kwa foleni, alichemsha sindano kwa kuni alizookota mwenyewe. Kijiji kilimheshimu, naye, tusifichane, heshima hiyo aliipenda.

Yona, mtoto wa mzee Filipo, alipoanza kusikia sauti na kutukana waombolezaji msibani, daktari wa wilaya kule Same alimwandikia kidonge kimoja kwa siku. Kwenye barua akamwagiza Hedwiga: "Akiwa hatulii, ongeza."

Dawa ilikuja kwenye kopo kubwa la vidonge elfu moja, jina limebandikwa juu, basi. Sauti zilinyamaza. Lakini kila mwezi mzee Filipo aliingia zahanati, mwanawe nyuma, akazungumza yeye, maana kwao mgonjwa wa akili husemewa na mkubwa wake.

"Hatulii, nesi. Akikaa anasimama, akisimama anatembea. Siku ya msaragambo, kijiji kizima tukizibua mfereji, alizunguka mpaka watu wakaacha majembe wakimshangaa."

Hedwiga akaongeza. Viwili. Vitatu. Vinne. Yona akijaribu kufungua mdomo, nesi alimkata: "Ngoja wewe, mzee anasema."

Mwaka wa tisini na mbili kopo liliisha, na bohari ya wilaya haikuwa na kitu. Hedwiga akanunua Same, ambako maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yameanza kuota kama uyoga. Dawa ilikuwa ile ile, ila hii ilikuwa kwenye boksi dogo lenye karatasi iliyokunjwa ndani. Aliisoma kwenye benchi la stendi, kwa Kiingereza chake cha chuoni, kidole kikifuata mistari. Dawa hii yaweza kumfanya mgonjwa ashindwe kutulia. Isidhaniwe kuwa ugonjwa umezidi.

Alirudia mara tatu. Gari la mlimani likapiga honi, likaondoka bila yeye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na yeye mwaka mzima alikuwa akimuuliza mchimba kaburi!

Alikwenda kwa daktari, akaeleza yote bila kujitetea. Daktari akamwonya asiikatishe dawa ghafla, sauti zisije zikarudi. Apunguze kidogo kidogo. Akampa na vidonge vingine vya kutuliza miguu.

Kesho yake alimkuta Yona amefungwa kamba kwenye nguzo ya jikoni. Mzee Filipo akaanza kueleza.

"Niwie radhi, mzee," Hedwiga alisema, akipiga magoti kufungua fundo. "Leo nimekuja kumsikiliza Yona."

Yona alimtazama baba yake kwanza.

"Miguu ilikuwa inaniwaka ndani ya mifupa, nesi. Kila ukiongeza, inazidi."

"Mbona hukuniambia?" Swali lilimuumbua kabla halijaisha.

"Nilianza kukuambia. Ukasema ningoje." Alisugua vifundo vya mikono vilivyochubuka. "Nikajua ndivyo wazimu wenyewe ulivyo. Baba alipoleta kamba, nilimpa mikono mwenyewe."