Vidole Kwenye Ukosi wa Jezi

Mimi ndiye niliyechapa wasifu wa baba wa mtoto wangu. Kwa mikono hii. Nafanya kazi kwenye saiba, duka la kompyuta na uchapaji, hapa mtaani Mowlem, na kinachotuletea wateja wengi si fomu za serikali, ni vijitabu vya mazishi. Kwenye kompyuta nina wasifu mmoja ambao nimezikia nao nusu ya mtaa. Nabadilisha jina, naweka picha, natoa mwalimu naweka fundi. Wote walikuwa wacheshi. Wote waliugua kwa muda mfupi, hata yule aliyelala kitandani miaka mitatu.

Lakini huyu hakuwa wa kubadilishiwa jina tu. Alikuwa golikipa. Yeyote aliyewahi kusimama kando ya uwanja wetu wa vumbi anamjua: yule aliyedaka penalti tatu siku moja na kidole kimevunjika. Alipofariki, redio ilimtaja asubuhi mpaka jioni. Watu walipiga simu studio wakilia, watu ambao hawakumpelekea hata uji alipolazwa. Uji nilipeleka mimi.

Tuliishi miaka saba chumba kimoja, tukapata binti. Alikuwa na mke wa ndoa ushago, kijijini kwao, na wavulana wawili, nilijua, sitadanganya. Sikutaka kiti cha mbele. Sikutaka kuitwa mjane. Nilitaka jina moja tu kwenye kijitabu, la binti yangu, kwa sababu kikishasomwa mbele ya jeneza basi huo ndio ukweli. Chifu anakiamini, shule inakiamini, na siku moja hata hao wavulana wawili watakiamini.

Ndugu wa marehemu alikuja na karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Huyu mtu amekula kwangu Jumapili ngapi, shem hivi, shem vile, shem ongeza supu. Siku hiyo alisimama mbele ya meza yangu kama mgeni.

"Niaje, madam. Tuna kazi ya haraka."

Madam!

Nikachapa. Nilipofika mahali pa watoto nikaandika watatu, nikaweka jina la binti yangu mwishoni. Alikuwa ameinama nyuma ya bega langu. Akagusa kioo cha kompyuta.

"Hapo ni wawili."

"Wewe unajua ni watatu."

"Karatasi inasema wawili, madam. Mimi nimetumwa na wazee."

"Na ile siku ulimbeba ukisema ana masikio ya kwenu, ulitumwa na nani?"

Mwenye saiba akakohoa kule kwenye mashine ya fotokopi. "Mhudumie mteja. Usituletee noma hapa."

Nikafuta. Nadhani ndugu aliona aibu kidogo, maana alisema, "Ongeza hapo kwamba ameacha mashabiki wengi. Hapo hata nyinyi mko."

Kisha akataka picha. Zao zote zilikuwa na uso wa hospitali. Yangu ilikuwa nzuri: jezi ya kijani, mechi imeisha, amembeba binti, wanacheka wote wawili. Nikampa. Mpaka leo najitukana kwa hilo.

"Mkate mtoto, abaki baba peke yake."

Nikamkata. Lakini alikuwa ameng'ang'ania ukosi wa jezi, na kuondoa vidole vyake ilikuwa ni kuondoa kidevu cha baba yake.

"Acha hivyo," akasema. "Hakuna atakayeona."

Ibada ilifanyika uwanjani kabla mwili haujasafirishwa. Mimi na binti yangu tulikaa nyuma kabisa, na mashabiki. Mheshimiwa mmoja alisoma wasifu kwa sauti ya kampeni, na nikasikia, "Aliwapenda watoto wote bila ubaguzi." Hiyo sentensi haikuwa ya golikipa. Ilikuwa ya mwalimu wa watoto wa nasari niliyemchapia mwezi uliotangulia, nilisahau kuitoa. Watu wakasema amina.

Binti yangu ana miaka sita na anasoma. Nilikuwa nimemwambia mapema, mjinga mimi, kwamba jina lake litakuwepo. Akashuka na kidole mstari kwa mstari hadi mwisho, akarudia, kisha akafunga kijitabu na kuangalia picha. Akaweka mkono wake juu ya vile vidole kwenye ukosi.

"Mama, huu ni mkono wangu."

"Ndiyo."

"Na mimi niko wapi?"

Nilimwambia anyamaze, watu wanaomba.

Kesho yake redio iliusoma wasifu wote hewani, neno kwa neno. Watoto wawili. Nikaizima.

Juzi alikuja mama mmoja amefiwa na kaka yake. Nikafungua wasifu uleule, nikafuta golikipa, nikaandika fundi wa mabomba. Mahali pa watoto nikamwuliza, "Ni hao tu?"

"Ni hao."

"Una uhakika?"

Akaniangalia vibaya. "Madam, wewe chapa."

Nikachapa.