Siku Tulipounywesha Moto Maji

Mtaani kwetu Buyenzi, nilipokuwa mtoto, tuliambiwa kwamba moto una kiu. Mtu akiungua, moto hauishii juu ya ngozi. Unaingia ndani ya nyama ukitafuta cha kunywa, na usipopewa maji utakunywa damu. Hayo yalikuwa maneno ya Bibi Mwamvua, mama yake mama yangu, na watu walimwamini kiasi cha kutoka hata mtaa wa Nyakabiga kumletea watoto waliomwagikiwa na uji. Dawa yake ilikuwa moja tu. Alishika tasbihi, akasoma dua yake ya moto kwa kila shanga, huku maji baridi yakimwagwa polepole juu ya jeraha. Shanga tisini na tisa, moja moja, bila haraka. Maji yakikatika kabla hajamaliza, alisema, moto unarudi na hasira.

Jirani yetu Mama Deo, mke wa fundi wa baiskeli, alikuwa na imani yake, kinyume kabisa. Kwake jeraha la moto halionyeshwi maji hata tone, maana maji ndiyo huleta malengelenge. Lipakwe yai bichi, au dawa ya meno, au samli. Wawili hao walibishana uani miaka nenda rudi, na bado walikuwa wakiazimana chumvi.

Halafu vita ikatukuta. Nilikuwa na miaka kumi. Wiki hiyo barabara zilikuwa zimefungwa, hakuna gari wala mtu wa kutoka mtaani. Mama alikuwa amekwama mtaa wa Ngagara alikokwenda kumwona dada yake, na mabomba yalikuwa makavu siku ya tatu. Nyumbani tulibaki na maji ya bidoni moja na nusu, yale madumu ya lita ishirini.

Asubuhi moja nilikuwa nakaanga mandazi uani kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Mdogo wangu Saidi, mwenye miaka minne, alikuwa ananing'ang'ania nimpe la kwanza. Sisi watoto wa wakati ule tulikuwa tumefundishwa vizuri: ukisikia mlio wa risasi, lala chini, usiulize. Saidi alikuwa hodari wa jambo hilo kuliko sisi sote, Bibi alikuwa anamsifu hata kwa wageni. Basi mlio ukapiga, tena karibu, na mtoto akajitupa chini palepale alipokuwa, kama alivyofundishwa. Mkono wake wa kuume ukalipiga karai, na mafuta ya moto yakammwagikia kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko.

Wallahi, ile sauti yake bado ninayo masikioni.

Bibi alitoka ndani kichwa wazi. "Leta maji! Bidoni zote!"

"Bibi, ni ya kunywa."

"Nimesema zote! We utamwaga, mi nitasoma. Na usisimame."

Akamvua Saidi shati, akampakata, akaanza. Nilimwaga kwa kopo. Mama Deo akaingia mbio, yai mkononi.

"Mama, apana! Unamuua mutoto! Maji italeta malengelenge!"

Bibi hakuinua macho. Alimaliza shanga aliyokuwa nayo, kisha akasema, "Iyo yayi yako enda uikaange, ukule na watoto. Mukono ya huyu si omeleti."

Leo nikikumbuka nacheka. Siku ile hakuna aliyecheka.

Bidoni ya kwanza ikaisha, na ile nusu nayo ikaisha. Nikachungulia tasbihi: zilibaki shanga kama arobaini. "Bibi, maji imeisha," nikasema. Saidi alikuwa ameanza kutulia, lakini maji yalipokoma akarudia kupiga kelele, akikunja vidole. Bibi akaacha kusoma. Sikuwahi kumwona bibi yangu akikosa la kufanya, na niliogopa kuliko nilivyoogopa risasi. Mkono ule ungeharibika mbele ya macho yetu, na mimi ndiye niliyekuwa kwenye karai.

Mama Deo alimtazama mtoto, akatazama kopo tupu. Akaliweka yai lake dirishani, akatoka. Nikadhani ametususa. Akarudi akikokota bidoni nzima, ile ya watoto wake watano, ambayo jana yake alituapia kwamba hana.

"Mi siamini mambo yako," alimwambia Bibi akihema. "Lakini maliza kusoma."

Nikamwaga. Kabla shanga hazijaisha, jirani mwingine alileta sufuria, na mzee wa nyumba ya tatu akaleta birika lake la kutawadhia. Shanga ya mwisho ilipopita, Saidi alikuwa amesinzia. Bibi akaufunika mkono kwa kitambaa safi bila kukaza, na hakupaka kitu. Mama Deo akachukua yai lake akaenda zake.

Barabara zilipofunguliwa tulimpeleka dispanseri. Muuguzi alifunua, akaugeuza ule mkono huku na huku, akauliza nani alimhudumia mtoto huyu, kwa sababu maji ndiyo yaliyomwokolea vidole. "Ni sisi," akajibu Bibi, akimwonyesha na Mama Deo aliyetusindikiza. Mngewaona wanawake wale wakirudi nyumbani! Walitembea katikati ya barabara.

Leo Saidi ni fundi cherehani, na sindano anaishika kwa mkono uleule. Mimi ukubwani nilihudhuria mafunzo ya huduma ya kwanza, nikaambiwa jeraha la moto limwagiwe maji baridi kwa dakika ishirini. Nilirudi nyumbani, nikaichukua tasbihi ya marehemu Bibi, nikasoma kwa mwendo wake huku natazama saa. Shanga zilipoisha, dakika ishirini zilikuwa zimepita kidogo. Nikalia, kisha nikampigia simu kila mtu ninayemjua.

Kama ni dua au ni maji, siku hizi sibishani. Watu wakisikia nilikulia Buyenzi wakati wa vita hunionea huruma, na mimi huwashangaa. Jioni ya siku ile Saidi alipoungua, watoto watano wa Mama Deo waligawana kikombe kimoja cha maji, na mkubwa wao akatumwa kwetu kuuliza kama Saidi amekula.